Barua ya Wazi kwa Mbunge Wetu: Siku ya Kura Ulikuwa Wapi?

Kwa Mheshimiwa Mbunge wetu,
Bunge la Taifa,
Nairobi.

KUH: KURA ZAKO BUNGENI NA KIMYA CHAKO NYUMBANI

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima ya kiti unachokalia, na kwa heshima ya mamako, ambaye tumepika naye pilau kwenye harusi nyingi za mtaa huu kabla hujaota ndevu.

Mimi ni muuza mahamri na mbaazi karibu na stendi ya matatu, na ni katibu wa chama chetu cha akina mama. Unanijua. Julai 2022, ulipokuwa ukizunguka kuomba kura, uliketi kwenye benchi langu, ukala mahamri manne na sahani ya mbaazi, ukanywa chai ya tangawizi, ukaacha noti ya elfu na kukataa chenji. Hiyo chenji tutairudia.

Sikukimbilia barua ya wazi. Oktoba 2024 nilikuandikia ya kawaida, kurasa mbili kwa mkono, kukuuliza ulipigaje kura juu ya Mswada wa Fedha wa 2024, nikaipeleka mwenyewe ofisini kwako. Karani akaigonga muhuri mbele yangu. Nakala ninayo: muhuri umeenda upande, wino ni wa samawati, tarehe inasomeka. Nikarudi mara tatu kuuliza jibu. Mara ya kwanza nikaambiwa barua imepelekwa Nairobi. Mara ya pili, umesafiri. Mara ya tatu kijana wa mlangoni aliniuliza kama nimefuata fomu ya basari, ule msaada wa karo. Nilipomwambia la, nimekuja kuuliza mheshimiwa alipiga kura gani, alicheka. Sidhani alinidharau. Alicheka kama mtu aliyeulizwa bei ya nyama kwenye duka la vitambaa.

Julai 2025 nikakukumbusha kwa barua ya pili. Kimya. Basi nikaandika swali lilelile kwenye kikundi cha WhatsApp cha eneo bunge letu, kwa adabu, na "Mheshimiwa" mbele. Lilikaa dakika kumi na moja, halafu simu ikanionyesha kwamba msimamizi ameniondoa. Wenzangu wawili waliouliza "mbona mama ametolewa?" wakanifuata nje jioni hiyohiyo.

Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu. Yanayonisumbua ni haya.

1. Hatujui unapigaje kura, na tulipotafuta, tulichokikuta si ulichotuambia.

Nianze na Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kupanga kodi za mwaka, kwa sababu ulifika mpaka kwenye karai langu. Ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate. Mheshimiwa, mimi mafuta ndiyo maisha yangu. Usiku mmoja niliketi na daftari nikapiga hesabu: hamri la shilingi 10 lingepaswa kuuzwa 12, na nani ana sarafu za shilingi mojamoja siku hizi? Kwa hiyo ama liwe 15 na wanafunzi wapite wakiangalia pembeni, ama libaki 10 liwe dogo kama la kuchezea watoto.

Ulikuja barazani mwezi wa Mei mwaka huo, chini ya mwembe wa chifu. Nilikuwepo, nimesimama karibu na spika ile inayokoroma. Ulisema hutaunga mkono mswada unaomkandamiza mwananchi wa chini. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, na najuta.

Juni 18 Kamati ya Fedha ikatangaza kuwa VAT ya mkate, ushuru wa mafuta ya kupikia na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 vimeondolewa. Nilishukuru, sitasema uongo. Lakini mswada haukuwa mafuta peke yake, na ahadi yako haikuwa ya mafuta peke yake.

Alhamisi Juni 20 mswada ukapigiwa kura katika kusomwa mara ya pili: 204 Ndio, 115 La. Jumanne Juni 25 ukapita mara ya tatu: 195 Ndio, 106 La, kura tatu zikaharibika. Alasiri ile vijana wakaingia ndani ya Bunge na risasi zikalia. Kesho yake Rais akatangaza hatautia sahihi. Kufikia mwanzoni mwa Julai, tume ya haki za kibinadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu vifo 39 katika maandamano yale. Watoto wa watu.

Wewe ulirudi nyumbani wikendi iliyofuata ukasema ulikuwa pamoja nasi tangu mwanzo.

Mpwa wangu ndiye aliyesema, "Shangazi, si haya mambo yameandikwa?" Akanunua bando la shilingi 50, akaitafuta Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa na kupigiwa kura bungeni. Tuliisoma kibandani baada ya Isha, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, majina mamia kwa herufi ndogo, naye akiyasogeza kwa kidole nami nikifuata kwa miwani. Tulilitafuta jina lako kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. La Juni 20 tulilikuta: upande wa Ndio. La Juni 25 hatukuliona. Tukarudia upande wa Ndio, tukarudia upande wa La. Mpwa wangu akadhani ameruka ukurasa, tukaanza upya. Hukuwemo popote.

Basi uliahidi La, ukapiga Ndio, na siku yenyewe hukuonekana. Inawezekana ulikuwa na sababu. Inawezekana ulikuwa mgonjwa, au ulikuwa na msiba. Mimi si mtu wa kumhukumu mwenzangu bila kumsikiliza, na ndiyo maana nilikuandikia barua mbili.

2. Kutokuwepo nako kuna uzito wake.

Hesabu ya Juni 25 ni rahisi: 195 na 106 na 3 ni 304. Viti vya Bunge la Taifa, ukimwacha Spika, ni 349. Wabunge wanaopungua pale, zaidi ya arobaini, hawakusema lolote kwa niaba ya waliowatuma. Na Kifungu cha 122 cha Katiba kinasema uamuzi huwa ni wa wengi kati ya waliopo na kupiga kura. Aliyebaki nje hapunguzi chochote wala haongezi. Eneo bunge letu zima, kuanzia huku baharini mpaka kule bara wanakochota maji ya dimbwi, siku ile lilikuwa sufuri.

Ungepiga Ndio tena, ningekuja kukubishia. Lakini ningekuwa na mtu wa kumbishia.

3. Mawasiliano yako yote ni ya kutoa, hakuna ya kujibu.

Simaanishi huonekani. Unaonekana mno. Ukurasa wako tunaufuata: wewe na hundi kubwa ya basari ya ubao, wewe na tangi la maji, wewe mazishini, wewe ukikata utepe wa choo cha shule (choo, Mheshimiwa, na utepe mwekundu). Mimi na mpwa wangu tulirudi nyuma picha kwa picha mpaka Januari 2024. Hatukukuta hata sentensi moja inayosema: leo kulikuwa na kura juu ya jambo fulani, nami nimepiga hivi kwa sababu hii.

Isipokuwa mara moja. Oktoba 8, 2024, Bunge lilipopiga kura ya kumtimua Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, 281 kwa 44, video yako ilifika kabla sijaepua chai ya jioni. Ulieleza kura yako, ukataja sababu, ukatazama kamera bila kupepesa. Kwa hiyo kueleza kura unajua. Kifaa unacho na kijana wa kukurekodi unaye. Tatizo ni kwamba kura zinazogusa mfuko wetu hujazirekodi hata moja.

4. Basari imegeuzwa kuwa jibu la kila swali.

Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu watoto wa wanachama wetu wanaihitaji. Lakini mtu akiuliza kuhusu kodi, anajibiwa kwa basari. Akiuliza kuhusu kura, anakumbushwa darasa lililojengwa. Mwenzangu mmoja aliambiwa waziwazi na mtu wa ofisi yako kwamba anayeuliza sana ajue fomu nazo ni chache. Sitamtaja yeye wala aliyemwambia. Wewe unawajua watu wako.

Fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge unaolipa basari hizo, si zako, na sisi si wageni wako. Sheria ya 2015 inazitoa kwenye mapato ya serikali ya kitaifa, si chini ya asilimia 2.5 ya fungu lake, yaani kodi yetu, pamoja na ile ninayolipa nikinunua unga. Na Septemba 20, 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba, ikaupa mfuko muda mpaka Juni 30, 2026. Mimi si wakili, sitaki kuingia kwenye mvutano wenu na majaji. Ninachojua ni kwamba Kifungu cha 95 kinapoorodhesha kazi za Bunge la Taifa kinataja kuwawakilisha watu, kujadili masuala yao, kutunga sheria, kugawa mapato na kusimamia matumizi. Nimekisoma mara mbili. Choo hakimo.

5. Lugha.

Kwa kifupi: mswada niliouona ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili, na tangazo la kuitisha maoni ya umma nililoonyeshwa kwenye gazeti lilikuwa hivyo hivyo. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Kifungu cha 7, na Kifungu cha 120 kinakitaja kwanza miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Tangu 2019 Bunge lina hata Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili. Wewe mwenyewe Kiswahili chako ni kizuri, tena cha huku kwetu, chenye "ati" na "hebu". Kilituombea kura. Hakijatueleza kura.

Sasa najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshayasikia yakipitishwa mtaani na vijana wako.

Watasema kura ya mbunge ni siri. Si kweli. Kura ya siri ni ya kumchagua Spika. Bunge linapogawanyika kupiga kura, majina huandikwa na kuchapishwa, ndivyo tulivyoyasoma kibandani. Kweli, hoja nyingi hupita kwa sauti tu, wa Ndio wakavuma na wa La wakavuma, na hapo hakuna jina. Hizo ndizo zinazohitaji zaidi mtu atuambie kwa mdomo wake alivuma upande gani. Mswada wa Fedha wa 2025 nao ulipita Juni, ukawa sheria, na mpaka leo hatujasikia neno lako juu yake, baya wala zuri.

Watasema uliamriwa na chama. Kiranja wa chama bungeni akishika orodha, mbunge hana ujanja. Hilo naliamini kuliko yote. Lakini basi sema hivyo. Simama chini ya mwembe uleule useme: chama kiliniambia hivi, nyinyi mliniambia vile, nikachagua chama kwa sababu hizi. Tutapiga kelele dakika kumi, halafu tutakusikiliza.

Watasema simu yako ilizidiwa. Hapa nakupa haki yako. Juni ile namba za wabunge zilisambazwa nchi nzima, zikamiminiwa jumbe na simu usiku na mchana, na najua kuna matusi ya nguoni yaliyokufikia ambayo hakuna mama aliyemlea mtoto angeyaunga mkono. Lakini barua yangu haikuja kwa simu. Ilikuja kwa miguu, na ina muhuri.

Watasema mswada ule ulikufa, mbona tunafukua kaburi. Haukufa wote. Desemba 2024 Rais alitia sahihi Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi, na baadhi ya yaliyokuwa kwenye mswada wa Juni yalirudi kwa mlango huo. Hata pale hatukuambiwa ulisimama wapi. Usingizini huwezi kujua nani ameingia.

Na watasema nimetumwa. Mwaka wa uchaguzi ni 2027, kila anayeuliza atapewa jina la mpinzani wako. Mpinzani wako, kama ungependa kujua, alikuja kibandani mwezi uliopita, nami nikamuuliza je, akichaguliwa, atabandika kura zake ukutani? Alisema atalifikiria. Kwa hiyo yuko mahali ulipo wewe.

Sijaja kutaka uvuliwe ubunge. Kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake, lakini masharti ya utaratibu wake ndani ya Sheria ya Uchaguzi yalikuwa yanambana mpiga kura kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu iliyabatilisha kadhaa. Wa kuziba pengo hilo ni nyinyi wenyewe bungeni, na mtu hakimbilii kunoa kisu cha kumchinja. Naliacha hilo.

Ninachoomba ni kidogo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti:

(a) Unijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili: kwa nini ulipiga Ndio Juni 20, 2024 baada ya kutuahidi vingine, na ulikuwa wapi Juni 25. Ukipenda kujibu barazani badala ya karatasi, ni bora zaidi.

(b) Kila baada ya kura kubwa, karatasi moja ibandikwe ofisini kwako, kwa chifu na kwenye ukuta wa soko la samaki: jina la mswada, unahusu nini kwa mistari mitatu, ulipiga nini, kwa nini. Ukishindwa kuandika, tuma sauti. Watu wa huku husikiliza sauti hata wakiparua samaki. Nilimwonyesha mpwa wangu jinsi karatasi hiyo ingekaa, akaichora nyuma ya karatasi ya unga. Ilitosha, nafasi ikabaki.

(c) Mswada wa Fedha hufika bungeni kufikia mwisho wa Aprili na hutakiwa kuwa umekamilika kabla ya Juni 30. Ndani ya miezi hiyo miwili uje kila wadi mara moja, kabla ya kura. Ukija baada ya kura huwa ni matanga.

(d) Walioondolewa kwenye kikundi warudishwe, na anayegawa fomu za basari asiwe ndiye anayeamua nani aulize nini.

Kwa lile la fedha za NG-CDF, nimeandika ombi tofauti kwa ofisi hiyo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nikitaka orodha ya miradi na ya waliopata basari kwa kila wadi, bila majina ya watoto. Sheria inaipa ofisi siku 21 kujibu. Nakupa na wewe siku hizohizo 21 kuanzia leo, ingawa kwako sina sheria ya kukushurutisha, nina ahadi yako tu. Zikipita, chama chetu kitakusanya sahihi na kupeleka ombi kwa Bunge lenyewe kwa mujibu wa Kifungu cha 119, na tutalisoma mbele ya watu sokoni kabla ya kulituma.

Kibandani nipo kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa Ijumaa mchana. Huna haja ya msafara, gari mbili huziba njia ya matatu na makondakta hunitukana mimi. Mahamri manne ni 40, mbaazi 40, chai 20. Chenji yako ni shilingi 900, imo kwenye daftari langu tangu 2022, ukurasa wa mwisho, na jina lako limeandikwa kamili. Njoo uichukue, uje na jibu.

Wako katika kura,

Muuza mahamri wa stendi,
Katibu wa chama cha akina mama